Teksi za apu Nairobi: bei ya chini na gari zuri vinaweza kukaa pamoja kweli?

#1 MwanaWaUmoja, Jumanne, saa 2:40 usiku

Wadau, habari za jioni.

Leo nimetoka kazini Upper Hill kwenda nyumbani Umoja. Madereva watatu walikubali safari na wote watatu wakanipigia simu kwanza: "Unaenda wapi? Unalipa na nini?" Wawili wakafuta. Wa tatu alifika baada ya dakika 25. Taa ya injini inawaka, mkanda wa kiti cha nyuma umezama chini ya kitambaa hata mkono haufiki, na nilipoomba kiyoyozi akaniambia kwa upole kwamba akikiwasha hatapata kitu. Bei 430. Nililipa nikaongeza 70 kwa sababu uso wake ulionyesha mtu aliyechoka.

Nakumbuka Uber ilipoingia hapa 2015. Gari linang'aa, dereva amevaa shati safi, anakuuliza ungependa redio gani. Na bado ulilipa chini ya teksi za mjini.

Dai langu ni hili: bei ya chini na huduma nzuri haviwezi kudumu pamoja. Miaka ile ya kwanza kuna mtu alikuwa akitulipia. Nipingeni.

#2 KaziNiKazi, saa 2:52 usiku

Umekosea mwaka, ndugu. Uber ilikuja 2016, mwaka mmoja na Little, ile apu ya hapa Kenya.

#3 Karani_wa_Ngara, saa 3:05 usiku

@KaziNiKazi, MwanaWaUmoja yuko sawa. Uber ilianza Nairobi Januari 2015. Little ndiyo ya 2016, ikiletwa na kampuni ya programu ya Craft Silicon pamoja na Safaricom. Bolt, apu nyingine ya teksi, wakati huo ilikuwa ikiitwa Taxify, jina likabadilika 2019.

Nasisitiza miaka kwa sababu ndiyo inayoeleza mambo. Little ilipoingia Julai 2016, mwezi huohuo Uber ikakata nauli kwa asilimia 35. Madereva waligoma. Wengi walikuwa wamechukua magari kwa mkopo wakihesabu bei ya zamani. Benki haikukata deni kwa asilimia 35.

Na kuhusu nani alikuwa akitulipia: Uber haikupata faida ya uendeshaji ya mwaka mzima mpaka 2023. Miaka yote kabla ya hapo ilikuwa pesa za wawekezaji. Kwa hivyo mleta mada ana hoja, mliopanda 2015 mlikuwa mkibebwa na mifuko ya watu wa mbali.

#4 Dereva_wa_Usiku, saa 3:31 usiku

Nimeegesha hapa Kilimani nikisubiri, wacha niandike polepole. Niko kwenye hii kazi tangu 2017.

Jana saa 11 jioni nilipata safari ya kutoka Yaya kwenda Donholm. Nilikuwa Lavington, kwa hivyo nikaenda kilomita 4 kabla sijamwona abiria. Safari yenyewe kilomita 13. Bei 540. Vitz yangu ikiwa kwa jam haipiti kilomita 13 kwa lita, na petroli niliinunua kwa karibu 180. Hizo kilomita 17 ni kama 235 za mafuta. Komisheni ya apu ya asilimia 18 ni 97. Zinabaki 208. Nimetumia saa moja na dakika 10.

Gari si langu. Mwenyewe anataka 10,500 kila Jumatatu. Nikifanya siku 6 ni 1,750 kwa siku. Nikipata safari 10, kila safari inabeba 175 zake. Toa hizo kwa 208.

Shilingi 33. Na hapo sijanunua bando, sijaosha gari, sijala.

Kwa hivyo @MwanaWaUmoja, nikikupigia kukuuliza unaenda wapi, si madharau. Nahesabu kama hiyo safari itanila. Na ukitaka kulipa kwa kadi, hizo pesa sitaziona leo, na mafuta ya leo nanunua leo.

#5 KaziNiKazi, saa 3:40 usiku

Sawa, nimekubali 2015, asante Karani.

Lakini @Dereva_wa_Usiku umechagua safari mbaya ndio utuonyeshe. Siku nzima haiwezi kuwa Donholm saa 11 jioni. Kuna zile za Westlands kwenda Parklands dakika 8, na za uwanja wa ndege.

#6 Dereva_wa_Usiku, saa 3:58 usiku

Kweli si zote. Usiku ndio unaniokoa, na ndiyo maana najiita hivi. Kuanzia saa 4 barabara inafunguka na gari linakula kidogo. Lakini hesabu usingizi pia. Jumamosi iliyopita nililala kwenye gari kituo cha mafuta Waiyaki Way kutoka saa 10 alfajiri mpaka saa 12, kisha nikaendelea. Abiria wa saa 12 na nusu alinipa nyota 3, akaandika kwamba gari linanuka kama mtu amelala ndani. Alisema kweli.

#7 Fundi_Grogan, saa 4:10 usiku

Nasoma huu uzi nikiwa na mafuta mikononi. Nina gereji ndogo, na katika kila magari kumi yanayoingia, sita au saba ni ya apu.

Wiki jana ililetwa Demio. Dereva analalamika inapiga kelele ikishika breki. Natoa gurudumu la mbele, pedi imeisha mpaka chuma, imeanza kuchimba diski. Ukipitisha kidole kwenye diski unahisi mifereji kama sahani ya santuri. Nikamwambia diski mbili na pedi. Akaniuliza siwezi kuipiga msasa tu na kumtafutia pedi zilizotolewa kwa gari lingine? Nilimkatalia. Akaingia kwenye gari akakaa kimya dakika nyingi, halafu akaondoka vilevile. Jioni alikuwa kazini, najua kwa sababu nilimpita Museum Hill akiwa na abiria wawili nyuma.

Mwingine aliniomba nitoe balbu ya taa ya injini ili abiria wasiione. Hata huyo nilimkatalia.

Nyinyi mnauliza nani analipia bei ya chini. Mimi naona anayelipa ni gari: bushi, shokabu, tairi, pedi. Kila shilingi mnayopunguziwa imekatwa kwenye chuma, na chuma hakina chama cha kugoma.

#8 MamaTatu, saa 4:22 usiku

Umenitia hofu, fundi. Kesho nina watoto wa kupeleka Kitengela.

#9 Fundi_Grogan, saa 4:25 usiku

Pole mama. Kabla ya kupanda angalia tairi za mbele kwa macho, na gari likianza kutembea sikiliza breki za kwanza mbili. Zikikwaruza kama chuma kwa chuma, shuka. Usione aibu.

#10 Mzee_Teksi, saa 4:47 usiku

Hamjambo vijana.

Nilikuwa na teksi ya mstari wa manjano katikati ya jiji kuanzia 1994. Kampuni ya Kenatco walikuwa na zao, sisi wadogo tulikuwa na zetu. Nataka kueleza jambo ambalo vijana hawalijui: sisi hatukuzunguka. Gari lilikaa steji. Safari tatu au nne kwa siku zilitosha, na nikienda Karen bei nilikuwa nimeipatana nikijua nitarudi mtupu. Corolla niliitumia miaka 11 na injini haikufunguliwa.

Hizi teksi zenu zinakimbia kilomita 200 kwa siku, na sehemu kubwa zikienda kumtafuta abiria. Hizo kilomita tupu ndizo ugonjwa. Hakuna anayezilipia.

#11 Binti_wa_Rongai, saa 4:55 usiku

Mzee wangu, shikamoo, na heshima zote. Lakini nyinyi ndio mliotufanya tukimbilie apu! Mvua ikinyesha mlinitoza 1,500 kutoka mjini mpaka South B. Nikiwa mwanafunzi nililala kwenye ukumbi wa kanisa usiku mmoja kwa sababu sikuwa na hizo pesa. Bei iliyoandikwa kwenye simu kabla hujapanda, kwa msichana peke yake saa 5 usiku, hicho ni kitu kikubwa. Sitaki kurudi kwenye kupatana dirishani.

#12 Mzee_Teksi, saa 5:04 usiku

Marahaba mwanangu. Hilo siwezi kulikana. Kuna wenzangu walichuna watu, na siku nyingine hata mimi. Pole kwa usiku ule.

#13 Mpiga_Hesabu, Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Niwapinge kidogo, kwa sababu naona mmeshakubaliana kwamba haiwezekani.

Kwa nadharia inawezekana. Magari yakiwa mengi na abiria wengi mahali pamoja, dereva hatembei kilomita 4 kwenda kumchukua mtu, anatembea nusu kilomita. Akimshusha mmoja, mwingine yuko palepale. Safari 3 kwa saa badala ya moja. Hapo bei inaweza kuwa chini na dereva akala vizuri. Hiyo ndiyo hesabu ya Mzee_Teksi (#10) ikigeuzwa: ondoa kilomita tupu.

Kinachoivunja Nairobi ni jam. Safari ya Dereva_wa_Usiku (#4) ya kilomita 13 ilichukua karibu saa nzima. Barabara ikiwa wazi ni dakika 25. Hakuna kampuni itakayotengeneza bei nzuri juu ya Jogoo Road ya saa 11 jioni.

#14 Karani_wa_Ngara, saa 2:00 asubuhi

@Mpiga_Hesabu nadharia yako inasahau mtu mmoja: kampuni. Kuongeza dereva mpya hakuigharimu chochote. Magari yakiwa 100 au 1,000 mtaani, yenyewe inachukua asilimia yake kwa kila safari. Lakini kwa dereva kila gari jipya linakata safari zake. Kwa hivyo wingi unaousifu haukomi pale unapofaa, unapitiliza mpaka wote wanashinda wameegesha wakiangalia simu.

Halafu kuna mafuta. Uber ilipokuja, petroli ilikuwa chini ya 100 kwa lita. Oktoba 2023 ilifika 217 hapa Nairobi, miezi michache baada ya VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Baadaye ilishuka, lakini nauli haikuwahi kupanda kwa mwendo huo.

#15 Kijana_Pipeline, saa 2:20 asubuhi

Shida ni komisheni tu. Wanachukua robo ya pesa ya mtu. Wakiacha hizo asilimia 25, kila kitu kitakuwa sawa.

#16 Dereva_wa_Usiku, saa 2:33 asubuhi

Hapana kijana, 25 ilikuwa zamani. Kanuni za 2022, zile zinazosimamiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ziliweka kikomo cha 18. Tulifurahi sana. Lakini fanya hesabu kwa ile safari yangu: tofauti ya 25 na 18 kwa 540 ni shilingi 38. Si mbaya, ni chai na mandazi. Haikubadilisha maisha.

#17 Kijana_Pipeline, saa 2:41 asubuhi

Ahsante kwa kunirekebisha. Shilingi 38 mara safari 10 lakini ni 380 kwa siku. Kwangu hiyo si chai na mandazi, ni kodi ya nyumba.

#18 Dereva_wa_Usiku, saa 2:44 asubuhi

Umenishika hapo. Kweli.

#19 Mwenye_Demio, saa 3:30 asubuhi

Wacha na mimi mwenye gari nisemwe nikiwepo. Katika #4 sisi wenye magari tunaonekana kama tunakula tu Jumatatu.

Gari nililinunua kwa mkopo wa Sacco. Nalipa 28,000 kwa mwezi. Bima ya gari la abiria ni 72,000 kwa mwaka, yaani 6,000 kwa mwezi. Dereva wangu akinipa 10,500 mara nne ni 42,000. Zinabaki 8,000 za sarvisi, tairi, ukaguzi, na kifaa cha kulifuatilia gari. Mwezi ambao shokabu zimekwisha, natoa pesa za mshahara wangu kulitengeneza. Mimi ni mwalimu. Nilidhani nimejinunulia pensheni.

Kwa hivyo fundi akisema gari ndilo linalolipa, ajue kwamba gari ni mimi.

#20 Fundi_Grogan, saa 3:48 asubuhi

Mwalimu, nimekusikia. Lakini na wewe uje gereji mwenyewe. Wenye magari wengi humtuma dereva na 3,000 mkononi, kazi ni ya 9,000, kisha wanauliza mbona gari limeharibika tena.

#21 Mwenye_Demio, saa 3:55 asubuhi

Nitakuja.

#22 MamaTatu, saa 5:10 asubuhi

Tumefika Kitengela salama. Breki hazikukwaruza, fundi, nilisikiliza.

Sasa niseme langu. Mnazungumza bei, bei, bei. Mwaka jana mtoto wa dadangu alishikwa na pumu saa 9 usiku, tuko Kasarani. Niliita kwenye programu moja, malipo kwa kadi kwa sababu M-Pesa ilikuwa tupu. Wa kwanza alikubali akafuta. Wa pili akafuta. Wa tatu gari lake kwenye ramani lilikaa palepale dakika 10 bila kusogea, nadhani alikuwa amelala. Wa nne akafuta. Mtoto amekaa kitandani ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na mimi natazama kigari kidogo kwenye simu.

Nikakumbuka kuna dereva alinipa namba yake mwezi uliotangulia. Nikampigia. Alikuja na malapa. Programu ilionyesha 450, yeye akasema 800. Nililipa kesho yake, na ningelipa 2,000.

Tangu siku hiyo nina namba za madereva watatu. Bei yao iko juu na wanakuja. Mimi nikilipa zaidi nalipia kuja.

#23 Binti_wa_Rongai, saa 5:31 asubuhi

Pole sana dada, na ashukuriwe Mungu kwa huyo wa malapa.

Ila mimi naogopa hiyo ya namba. Nje ya programu hakuna anayejua uko gari gani. Na hata ndani ya programu siku hizi picha ni ya mtu mmoja na dereva ni mwingine, akaunti zinakodishwa. Nilimkataa mmoja juzi, akaniambia aliye kwenye picha ni kaka yake. Hawakufanana hata masikio.

#24 Dereva_wa_Usiku, saa 6:02 mchana

Akaunti zinakodishwa, ni kweli, na ni vibaya. Anayekodisha ni mtu aliyefungiwa yake, au hana cheti cha mwenendo mwema. Fanyeni kama Binti: msipande.

#25 Mswahili_wa_Dar, saa 7:20 mchana

Wakuu wa Nairobi, salamu kutoka Sinza, Dar es Salaam. Huku tulijaribu dawa ya serikali. LATRA, mamlaka yetu ya usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha komisheni asilimia 15, chini ya hiyo 18 yenu. Uber ikasimamisha huduma Aprili 2022. Ikarudi Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa mpaka 25. Miezi yote hiyo tulipanda bajaji na bodaboda. Kwa hiyo ukibana sana kampuni inaondoka, ukiilegeza dereva anaumia. Nasi hatujui pa kushika.

#26 Mpiga_Hesabu, saa 7:45 mchana

Asante Dar, mfano mzuri. Ingawa soko lenu na letu ni tofauti, hapa wakiondoka wawili wanabaki wengine.

Kuna njia nyingine hamjaitaja: umeme. NopeaRide ilikuwa na Nissan Leaf za umeme hapa Nairobi kuanzia 2018. Nilizipanda mara nyingi, kimya, safi, madereva watulivu. Mafuta ndiyo yanayokula hesabu ya #4, ukiyaondoa mambo yanabadilika.

#27 Karani_wa_Ngara, saa 8:03 mchana

Na NopeaRide ilifungwa mwisho wa 2022, pesa za kampuni mama ya Ufini zilipokauka. Kwa hivyo hata huduma ile nzuri uliyoipanda ilikuwa imebebwa na wawekezaji, kama Uber ya 2015. Turudi kwenye #1.

#28 KaziNiKazi, saa 8:40 mchana

Na zile karatasi za bei za 2024 je? Madereva waligoma Julai, kisha wakaanza kutembea na bei zao zimechapishwa na kupigwa plastiki, zinaning'inia nyuma ya kiti. Programu inasema 400, karatasi inasema 650. Mimi nilikuwa nalipa ya karatasi kama gari ni zuri. Nauliza tu: kama abiria walilipa, si basi bei ya kweli ni ile ya karatasi?

#29 Binti_wa_Rongai, saa 9:05 alasiri

Walilipa kwa sababu walikuwa wameshakaa ndani ya gari usiku. Kuna wengi walishuka. Mimi ni mmoja wao, nikaenda kungojea matatu.

Mshahara wangu haujapanda tangu 2021, @KaziNiKazi. Ikiwa bei ya kweli ni 650, basi ukweli ni kwamba mimi si mteja wa teksi. Nilikuwa mteja wa ile bei iliyobebwa.

#30 MwanaWaUmoja, saa 12:50 jioni

Nimesoma zote, ahsanteni. Nilikuja na jibu moja, sasa nina matano na kila moja lina mwenyewe aliyeumia.

Swali kwa @Dereva_wa_Usiku: ile safari ya Yaya hadi Donholm, ingekuwa shilingi ngapi ndio usipige simu kuuliza kwanza?

#31 Dereva_wa_Usiku, saa 1:25 usiku

750. Kwa 750 nakuja, nawasha kiyoyozi, na Jumamosi nampelekea fundi gari likiwa halijalia.

#32 MwanaWaUmoja, saa 1:31 usiku

Mara moja kwa wiki naweza. Siku nne zilizobaki siwezi.

#33 Fundi_Grogan, saa 1:40 usiku

Dereva, hata bila hiyo 750 lete gari Jumamosi. Pedi nunua mwenyewe pale Kirinyaga Road, nitakuelekeza duka lisilouza feki. Kazi ya mikono utanilipa ukipata.

#34 Dereva_wa_Usiku, saa 1:44 usiku

Shukran sana fundi. Saa 1 asubuhi niko hapo. Simu imelia, ni safari ya Utawala, kilomita 3 kumfikia. Wacha niende.